Nani afungwe mikono: kampuni ya intaneti au serikali?

*"Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika sekondari moja mkoani Singida. Maabara yetu haijakamilika, hivyo kila wiki napakua video za majaribio niwaonyeshe wanafunzi. Nikinunua kifurushi cha mitandao ya kijamii, WhatsApp inapita vizuri lakini tovuti za masomo zinagoma. Nikajikaza nikanunua cha mwezi kinachosema hakina kikomo. Wiki ya pili kasi ikashuka hadi video hazifunguki. Ofisini tumebishana sana. Mmoja anasema serikali ipange bei na kasi, mambo yaishe. Mwingine anasema serikali isiguse kabisa, maana ikigusa ndiyo inazima kama Oktoba 2025. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema kule mahakama imeshaikataza serikali kuwabana watoa huduma, na watu wanaendelea na maisha. Nisimamie wapi? Na kwa sasa nifanye nini?"*

Mwalimu, pole kwa usumbufu, na pole kwa wanafunzi wanaosubiri jaribio linalozunguka kwenye skrini bila kufunguka. Ubishi wenu ofisini hauishi kwa sababu mnabishania mambo mawili kwa jina moja. Kuna kuidhibiti kampuni: bei yake, kasi yake, ukweli wa tangazo lake. Na kuna kumdhibiti mtumiaji: asome nini, aandike nini, afungue nini. LATRA hupanga nauli ya daladala na kukagua leseni ya gari, lakini haimfungulii abiria mfuko kuona amebeba gazeti gani. Kwenye intaneti kazi hizo mbili ziko kwa mamlaka moja, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na fimbo yake ni moja, leseni. Ndiyo maana anayetaka bei nafuu na anayeogopa kuzimiwa hujikuta wanagombana, ilhali wote wawili wana hoja.

Nianze na laini yako, kwa sababu ukiijua hiyo mengine yatafuata.

Kila laini ina kumbukumbu kwenye mitambo ya kampuni: umenunua kifurushi gani, umetumia kiasi gani, unaruhusiwa kasi gani. Kifurushi kinachoitwa "bila kikomo" mara nyingi hakina kikomo cha ujazo, ila kina kikomo cha kasi. Ukifikia kiwango kilichoandikwa kwenye masharti, mtambo unakushusha wenyewe. Hakuna mtu aliyekaa mahali akikuonea. Chukua video yako ya MB 60. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde inashuka kwa sekunde 48. Ukishushwa hadi nusu megabiti, video ileile inachukua dakika 16, yaani karibu nusu ya kipindi. Kumbuka pia kwamba kasi hutangazwa kwa biti na ujazo huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Wengi hupotelea hapo, wakadhani wameibiwa mara nane.

Je, kushusha kasi ni dhuluma? Si kila mara. Mnara una masafa yenye mwisho, na saa mbili usiku mtaa mzima unagawana masafa hayohayo. Anayepakua filamu usiku kucha anawapunguzia wenzake. Mnara ukielemewa, kumpunguza anayetumia sana ili wengine nao wapate ni usimamizi wa kawaida, na mhandisi yeyote mkweli atakwambia hivyo. Ninachokipinga mimi ni kumshusha mtu saa tisa usiku wakati mnara hauna watu, na kuandika "bila kikomo" kwa herufi kubwa huku sharti la kasi likifichwa mahali ambapo mteja wa kawaida hafiki. Hilo si jambo la kwetu tu. Mwaka 2018, moto mkubwa wa msitu ulipokuwa unawaka California, kikosi cha zimamoto cha kaunti ya Santa Clara kilikuwa na gari la mawasiliano lililotumia kifurushi cha kampuni ya simu ya Verizon kilichoitwa "bila kikomo". Kilipovuka kiwango, kasi ikashushwa hadi kama sehemu moja ya mia mbili ya kasi ya awali, na walipoomba irudishwe wakaambiwa wahamie kifurushi cha bei ya juu. Baadaye kampuni ilikiri kwamba huduma kwa wateja ilikosea, kwani watu wa dharura walipaswa kurudishiwa kasi mara moja. Wazimamoto wakiwa kazini hawakusikilizwa, sembuse mwalimu anayepiga simu huduma kwa wateja jioni.

Sasa kifurushi cha mitandao ya kijamii. Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Ujumbe wako wa WhatsApp umefungwa kwa siri na kampuni ya simu haiwezi kuusoma. Lakini simu yako inapoanza kuunganishwa, mtambo wa kampuni huona inakwenda kwenye seva gani, yaani kompyuta gani inayotoa huduma, na mara nyingi jina la seva hiyo huonekana wazi mwanzoni mwa mawasiliano. Kwa hiyo mtambo unaweza kupanga: hii ni WhatsApp, ipite kwenye kifurushi cha kijamii, hii ni tovuti ya masomo, haimo, izuiwe au ikate salio. Tovuti yako ya Fizikia haina hitilafu yoyote. Imebaguliwa kwa jina.

Mtambo huohuo unaoitambua WhatsApp ili uiuze kwa bei nafuu ndio unaoweza kuitambua X (zamani Twitter) ili isifunguke kabisa. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, X ilifungwa Tanzania, na waliotaka kuifungua walihitaji VPN, programu inayoficha unakokwenda mtandaoni. Mitambo ya kutenganisha huduma kwa majina ikishanunuliwa, ikafungwa, na mafundi wakazoea kuiendesha kila siku kwa ajili ya vifurushi, amri ya kufunga mtandao fulani huwa kazi ya dakika chache. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba ubaguzi wa kibiashara na ufungaji wa kisiasa ni habari mbili zisizohusiana.

Nimjibu sasa mwenzako anayesema serikali isiguse kabisa. Hofu yake naielewa, na baada ya siku zile zilizoanza Oktoba 29, 2025, nchi nzima ikiwa haina intaneti, sitamwambia mtu kwamba anaogopa bure. Lakini dawa anayoipendekeza haitibu ugonjwa huo. Mtandao hauzimwi kwa kanuni za vifurushi. Unazimwa kwa amri kwa mwenye leseni, na kampuni isiyo na leseni haina masafa, isiyo na masafa haina biashara. Uganda walipozima Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, waliwaandikia watoa huduma binafsi, nao wakatii. Ukifuta leo kila kanuni inayomlinda mteja, leseni itabaki palepale, na amri ya kuzima itapita palepale. Utakuwa umepoteza ulinzi dhidi ya kampuni bila kupata hata chembe ya ulinzi dhidi ya serikali.

Tena kampuni zenyewe haziukimbii udhibiti kama tunavyodhani; huukimbilia pale unapombana mwenzao. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa Nairobi walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Kabla ya hapo barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani ilipandishwa setilaiti, ikavuka bahari hadi nchi za mbali, kisha ikarudi jengo la pili, na kila hatua ikilipiwa. Kituo kilikuwa cha kuondoa upuuzi huo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika kwa mdhibiti, na mdhibiti akakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu ya kuthibitisha kwamba kubadilishana mawasiliano ya ndani si biashara ya kimataifa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 2024, Safaricom ilimwandikia mdhibiti wa Kenya ikitaka kampuni za intaneti ya setilaiti zilazimishwe kufanya kazi kupitia kampuni zilizopo nchini. Starlink ilikuwa imeingia soko hilo mwaka mmoja tu kabla. Ukisikia kampuni inaomba kanuni, tafuta jina la mshindani wake.

Na huyu anayetaka serikali ipange bei? Hoja yake ina mvuto, ila historia yetu inatutahadharisha. Aprili 2, 2021 utaratibu mpya wa vifurushi ulianza hapa Tanzania, ukiwa na nia nzuri ya kumlinda mteja: ajulishwe kifurushi kinapokaribia kuisha, asikatwe salio kimyakimya, vifurushi visibadilishwe ovyo. Asubuhi hiyo watu walipiga menyu wakakuta fedha ileile inanunua GB chache kuliko za jana. Kelele zilipanda hadi utekelezaji ukasitishwa na vifurushi vya zamani vikarudi. Somo ninalolichukua ni kwamba bei ya rejareja ni kitu kinachoteleza. Ukiibana hapa, kampuni inapunguza ujazo, inafupisha muda, inabadilisha jina la kifurushi, na wewe unabaki kuhesabu. Pia tusisahau kwamba serikali hiyohiyo inayoombwa ishushe bei inachukua ushuru wa bidhaa na VAT juu ya huduma hii.

Udhibiti uliowahi kushusha gharama kweli ni ule wa huko nyuma ya duka, baina ya kampuni na kampuni. Unakumbuka enzi za simu ya laini mbili, na mtu mwenye laini nne kwenye pochi, kila moja ya kupigia mtandao wake? Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali kwa sababu kampuni moja ilimtoza mwenzake kila dakika kwa kupokea simu. TCRA iliendelea kuibana gharama hiyo ya mwingiliano mwaka hadi mwaka: shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, shilingi 2 mwaka 2022. Kenya nao mwaka 2010 waliikata kwa nusu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na vita vya bei vikaanza mwezi uleule. Hakuna aliyepanga bei ya mteja. Mdhibiti aliondoa ukuta, ushindani ukafanya kazi yake. Kwa intaneti ukuta wa leo uko kwenye minara ya kushirikiana, kwenye bei ya jumla ya mkongo, kwenye vibali vya kupitisha nyaya barabarani. Huko ndiko ningependa nguvu za mdhibiti ziende.

Shemeji yako, mwalimu, amesema nusu. Februari 2015 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwaweka watoa huduma wa intaneti katika kundi moja na kampuni za simu chini ya sheria ya mwaka 1934, ikawakataza kuzuia tovuti, kushusha kasi kwa ubaguzi na kuuza njia ya upendeleo. Kura zilikuwa 3 kwa 2. Desemba 2017, rais akiwa amebadilika, tume ikafuta kanuni hizo, 3 kwa 2. Aprili 2024 ikazirudisha, 3 kwa 2. Januari 2, 2025 mahakama ya rufaa ya Cincinnati, Ohio, ikazibatilisha. Lakini mahakama haikusema kampuni ziachwe zifanye zitakavyo. Ilisema sheria iliyopo haiipi tume mamlaka ya kuziweka kampuni hizo katika kundi lile.

Mbona maisha yanaendelea? Kwa sababu majimbo hayakukaa kimya. California ilipitisha sheria yake mwaka 2018, na ilipoanza kutekelezwa mwaka 2021, kampuni ya simu ya AT&T iliacha mpango wake wa kuruhusu huduma zilizodhaminiwa zisikate data, tena nchi nzima na si California peke yake, kwa kuwa intaneti haifuati mipaka ya jimbo. Kwa hiyo shemeji anaishi chini ya kivuli cha kanuni asizoziona. Kinachonisikitisha katika habari ya Marekani ni ule mzunguko wa 3 kwa 2. Haki ya mtumiaji inayotegemea kura moja ya tume hubadilika kila uongozi unapobadilika. Nasi tuna kasoro inayofanana: mambo mengi ya mtandao yako kwenye kanuni anazotia saini waziri, zinazoweza kubadilishwa bila mjadala wa Bunge. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 zilifutwa na kuandikwa upya mwaka 2020, kisha zikarekebishwa mwaka 2022, na wenye blogu wanajua walivyohangaika.

Basi nisimamie wapi, umeuliza. Mimi nasimama hapa: kila kanuni inayopendekezwa, uliza inamfunga nani mikono. Ikimfunga kampuni peke yake na kumwachia waziri ufunguo, ina hatari. Ikimfunga mwananchi tu, ikatae. Nzuri ni ile inayowafunga wote wawili: kwamba mawasiliano halali hayatazuiwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya jina lake, si na kampuni kwa faida yake, si na serikali kwa hofu yake, na anayetaka kuzuia aende kwanza kwa hakimu na sababu zake ziandikwe. Kenya wameanza kuelekea huko. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia mtandao kuzimwa wakati kesi inaendelea. Mwaka huohuo mbunge wa Aldai, Marianne Kitany, alipeleka muswada wa kutaka kila mteja wa intaneti apewe namba ya mita, alipie anachotumia, na taarifa zifike kwa mdhibiti. Sura yake ni ya kumlinda mteja dhidi ya bili za uongo. Ila ukiuliza inamfunga nani, utaona inamwongezea mdhibiti macho juu ya matumizi ya kila nyumba.

Kuna jambo moja ambalo kwa kweli linanipa shida, nalo ni vile vifurushi vya WhatsApp. Kwa mujibu wa msimamo wangu vingepigwa marufuku, kama India ilivyofanya Februari 2016 ilipokataza bei za data zinazobagua huduma, ikaumaliza mpango wa Facebook wa Free Basics, wa kufungua tovuti chache bure, ambao hapa kwetu ulikuwa umeingia kupitia Tigo mwaka 2014. Lakini mama anayeuza mboga Manyoni na kupata oda kwa WhatsApp kwa kifurushi cha bei ndogo, nikimfutia kesho nimemsaidia nini? India walibahatika: Septemba mwaka uleule kampuni ya simu ya Jio iliingia sokoni na data ikawa rahisi kwa wote, na hilo lilikuwa tunda la ushindani zaidi kuliko la marufuku. Kwa hiyo kwetu singeanza na marufuku. Ningeanza kwa kuitaka kila kampuni inayouza kifurushi cha mitandao ya kijamii iuze pia, kwa fedha ileile, kifurushi cha intaneti yote, hata kikiwa na MB chache, mteja achague. Na tovuti za elimu zisizo za biashara ziingizwe zote kwa kigezo kilichoandikwa, si kwa makubaliano ya chumbani.

Sasa hatua zako. Kabla ya kulalamika, pima. Chukua vipimo vya kasi asubuhi, saa mbili usiku na saa kumi alfajiri, kwa siku kadhaa, upige picha ya skrini kila mara. Kasi ikiwa mbovu usiku tu na nzuri alfajiri, tatizo ni mnara kuelemewa. Weka upakuaji wa video alfajiri, uzihifadhi kwenye flashi au kompyuta ya shule, wanafunzi waangalie bila bando. Ikiwa mbovu saa zote tangu siku ya kiwango fulani, umeshushwa na mtambo. Ipo programu ya Wehe, kutoka Chuo Kikuu cha Northeastern, inayolinganisha kama kampuni inaipunguza huduma fulani kuliko nyingine, na ipo OONI Probe inayoonyesha kama tovuti imezuiwa. Zote ni bure, ingawa zinakula MB.

Kisha andika kwa kampuni, usipige simu tu. Taja jina la kifurushi, tarehe ya kununua, maneno ya tangazo, tarehe kasi iliposhuka, na ambatanisha picha. Dai namba ya lalamiko. Wasipojibu au jibu lisiporidhisha, peleka TCRA. Ofisi yenu ya Kanda ya Kati iko Dodoma, na kwa suala kama hili nakushauri ufike mwenyewe na makaratasi yako. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kumsaidia mteja kufuatilia, na uamuzi wa TCRA unaweza kukatiwa rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Tangu Machi 2017 unaweza pia kuhama mtandao bila kubadili namba, ila uliza kwanza walimu wenzako wa mtandao huo wanapata kasi gani pale pale shuleni, si mjini.

Kuhusu VPN, kuwa mwangalifu. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe, na hili si jambo la kuamua kwa ushauri wa maandishi kama huu. Ukiwa na sababu ya kuitumia kazini, au ukiitwa kuhojiwa kwa jambo lolote la mtandaoni, mwone wakili ana kwa ana, au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu, kabla hujaandika wala kusaini chochote.

Na kama walimu wote wa shule yako wanapata shida ileile, msilalamike mmoja mmoja. Andikeni barua moja kupitia mkuu wa shule, mtaje mnara mnaoutumia, mwambatanishe vipimo vya watu watano au sita wa mitandao tofauti, na muombe TCRA ije ipime ubora wa huduma hapo. Nakala mpeleke kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni kuchangia minara kule ambako kampuni zinasema hakulipi, na nyingine kwa mbunge wenu.

Safari ijayo TCRA ikitangaza kukusanya maoni ya wadau kuhusu vifurushi, pelekeni barua hiyohiyo. Kampuni huwa zinafika na mawakili wao, na viti vya watumiaji huwa vitupu.